Bolti Mbili Chini ya Zulia

Toledo, Ohio
11 Oktoba 1993

Kaka Orrin,

Daktari Pruett amesema leo asubuhi kwamba Mama hatasimama tena bila kushikwa. Salamu zinafuata hapo chini. Nimeona hili ulipate kwanza, kwa sababu simu yako inalia hadi inachoka.

Mimi ni mzima. Goti lako je? Ripoti ya polisi inasema ulipata mchubuko tu, na rafiki yako Fenske, aliyekaa mbele pamoja nawe, hakuumia kabisa. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Pingili mbili za mgongo wa Mama zimebondeka, zile za juu kidogo ya kiuno. Daktari alinionyesha picha. Nilitegemea kuona mfupa uliokatika. Nilichoona ni kama mkate uliokaliwa. Akaniuliza maswali mawili. La kwanza, gari lilikuwa linakwenda kasi gani? Nikamjibu kama ripoti inavyosema: maili ishirini na nane kwa saa, pale lile lori dogo lilipotoka kwenye njia ya shamba bila kusimama. La pili, mkanda wa begani ulikuwa umefungwa wapi? Nikasema sijui.

"Ulizia," akasema. "Mama huyu hakugonga kitu mbele yake. Uso mzima, kifua kizima. Kuna kitu kilimvuta kwenda chini."

Basi nakuuliza. Utakumbuka ni mimi niliyesema mwaka jana, Siku ya Shukrani, mezani kwako, kwamba Mama hatapanda tena kiti cha nyuma cha gari la Baba mpaka kiwe na mikanda ya begani. Baba alilinunua mwaka 1964 likiwa halina mkanda wowote nyuma, na Mama anapenda kukaa huko huko, paa likiwa limekunjwa. Ulinuna wiki nzima, halafu ukaifunga. Sikukuuliza uliifungaje.

Mama anakusalimu. Jana muuguzi alimpima urefu akapata futi nne na inchi kumi na moja. Mama akamwambia, "Andika vizuri, binti. Nilipoingia kwenye gari la mwanangu nilikuwa futi tano na inchi moja. Muulizeni hizo inchi mbili ameziweka wapi."

Alicheka peke yake.

Dada yako,
Verla


Goshen, Indiana
23 Oktoba 1993

Mdogo wangu Verla,

Natumai barua hii itakukuta salama wewe na Mama. Goti linapona. Huku majani yameshaanguka yote na asubuhi kuna barafu kwenye ndoo. Simu siipokei kwa sababu sikio la kushoto halisikii na la kulia limechoka na maswali ya watu wa bima.

Umeuliza bolti ziko wapi. Ziko sakafuni, nyuma ya kiti cha nyuma, chini ya zulia, pale paa linapokunjwa na kulala. Mkanda unaanzia hapo, unapanda nyuma ya egemeo, unapita juu yake, unashuka begani mpaka nyongani. Gari la paa la turubai halina nguzo pembeni mwa abiria wa nyuma kama magari mengine, kwa hiyo hakuna pa kuushikiza mkanda. Sakafu ndiyo chuma cha kutegemea. Niliweka bamba upana wa viganja viwili chini yake, na bolti nene kuliko kidole changu cha mwisho. Baada ya ajali nilikwenda kwenye uwanja walikolivuta gari nikazikagua kwa mkono wangu. Hazikusogea hata unywele. Mwambie daktari wako hivyo. Aliyemuumiza Mama ni yule mtu wa lori aliyekuwa ameinama anatafuta sigara iliyoanguka. Amekiri mwenyewe kwa polisi.

Na ujue kwamba asubuhi ile ile, kwenye maonyesho ya Kendallville, majaji walimulika tochi kila pembe ya gari hilo wakanipa alama tisini na nane kati ya mia. Wanataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, na kila ulichoongeza kinakukata alama. Mikanda nilikuwa nimeichomoa nikaificha kwenye buti ya gari, na bolti hawakuziona. Jaji mmoja alipiga magoti juu yake kabisa! Fenske alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, kitambaa kichwani, anawauliza kama hawataki kumkagua na yeye, maana ni wa zamani zaidi na rangi yake haijapakwa upya.

Tulipomaliza nikairudisha mikanda, nikamfunga mwenyewe, nikaukaza. Hilo ujue.

Turubai limechanika na upande wa kulia wa mbele umeingia ndani. Kiti cha nyuma hakina mkwaruzo.

Nitakuja kumwona.

Kaka yako,
Orrin


Toledo
6 Novemba 1993

Kaka Orrin,

Salamu kutoka huku. Mama amehamishiwa nyumba ya mazoezi ya wagonjwa iliyo mitaa minne kutoka kwangu. Anavaa kizuizi cha plastiki cha kushikilia mgongo, kutoka kwapani mpaka nyongani. Anaweza kukaa wima dakika kumi na tano, kisha maumivu yanaanza. Usiku wanampa dawa.

Barua yako niliichukua nikaenda nayo kwa Bwana Bascom. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ni kufunga viti na mikanda kwenye mabasi ya watu wasiotembea. Aliisoma mara mbili. Akatwaa mkanda mbovu ukutani, akaniambia nikae kwenye kiti cha ofisini kwake, akaupitisha begani kwangu, juu ya egemeo, mpaka chini, akaukanyaga kwa buti.

"Inama mbele, Bi Verla."

Nikainama. Bega likashuka, kiuno kikajikunja.

"Umeona? Kadiri unavyokwenda mbele, ndivyo mkanda unavyokushindilia kitini. Huo ni uzito wa kuinama tu. Sasa weka maili ishirini na nane."

Nikamwuliza bolti ilitakiwa iwe wapi. Akagusa bega langu. "Usawa wa hapa, au juu yake kidogo. Chini ya hapa, hapana." Nikamwambia kaka yangu anasema bolti hazikusogea hata unywele. Akakunja barua yako akanirudishia. "Naamini. Ni kazi nzuri sana mahali pabaya."

Anasema njia ipo hata kwa gari lisilo na nguzo. Unachomelea bomba la chuma likingame nyuma ya kiti, ukuta hadi ukuta, kwenye urefu wa mabega, mkanda ukaanzia hapo. "Ila litaonekana," akasema. "Na hawa ndugu zetu wa magari ya zamani hawataki kuonekane kitu."

Jambo jingine. Kwenye mkoba wa Mama nimekuta jarida la klabu yenu ya magari ya zamani, toleo la Juni. Ukurasa wa nne kuna mchoro wako wenye vipimo, na kichwa kinasema: "Mikanda ya Begani Kiti cha Nyuma Bila Kupoteza Hata Alama Moja." Mama ameukunja ukurasa huo pembeni. Alikuwa anawaonyesha watu kanisani. Mwishoni umeandika kwamba anayetaka karatasi ya vipimo akuandikie.

Wangapi walikuandikia, Orrin?

Nauliza kwa sababu sasa magari yao yamefunikwa kwa ajili ya baridi, na mpaka Mei hayatoki. Muda upo.

Dada yako,
Verla


Goshen
14 Novemba 1993

Verla,

Mikanda uliitaka wewe. Miaka ishirini na tisa tumekaa kwenye kiti kile bila mkanda, Baba, Mama, wewe na wale wachumba zako wawili, na hakuna aliyevunjika ukucha. Mara moja tu nikakusikiliza. Sasa unaniletea fundi wa mabasi.

Nimemtumia Mama maua.

Orrin


Toledo
3 Januari 1994

Kaka Orrin,

Heri ya mwaka mpya. Sijui kama barua zangu mbili za Desemba zilifika. Mimi nina mafua, Mama hana. Maua yamefika, mashada yote matatu.

Umesema kweli. Mikanda niliitaka mimi. Kwa wiki tatu nilikuwa nayaandika maneno hayo kwenye barua na kuyakata. Ningeinyamazia meza yako siku ile, Mama angekaa nyuma na kitambaa chake kama kawaida, na Bwana Bascom anasema kwa kasi ile pengine angeng'oka meno na kuvunja mkono. Pengine angerushwa nje. Hajui, na mimi sijui. Nataka tu ujue kwamba kwenye hesabu hiyo sijajitoa.

Siku ya Krismasi Mama alivaa koti lake la bluu saa nne asubuhi juu ya kile kizuizi. Kuna mzee mwenzake, Bi Ottilie, kitanda cha pili.

"Unakwenda wapi, Opal?"

"Siendi. Napokea wageni."

Saa nane akaniambia nimvue. "Barabara zitakuwa mbovu," akasema. Nilitazama dirishani. Lami ilikuwa kavu. Nikamvua koti.

Hujanijibu wangapi, kwa hiyo nilimpigia Fenske, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa klabu. Nakupa mazungumzo yalivyokuwa.

"Bi Verla, sisi ni watu wa kupenda magari. Mambo ya mahakama hatuyawezi."

"Sijataja mahakama."

"Ndiyo maana nayataja mapema."

"Nataka kujua jarida linalofuata linafunga lini kupokea makala."

Alinitajia. Toleo la Machi linafungwa tarehe 15 Februari. Linalofuata ni la mwisho wa Mei, na mtakuwa mmeshaanza kutoka. Kwa hiyo ni la Machi au hakuna. Mchoro uliuchora wewe, na neno lako ndilo watakaloliamini. Mimi nikiandika watasema ni dada mwenye hasira.

Mama hajui habari za bolti. Anadhani ni uzee.

Dada yako,
Verla


Goshen
12 Februari 1994

Mdogo wangu,

Theluji imefika usawa wa madirisha huku. Natumai nyumba ya Mama ina joto la kutosha na mafua yako yameisha.

Walioniandikia ni kumi na mmoja.

Acha nikueleze jinsi ilivyokuwa, kisha unione vyovyote. Machi mwaka jana nililifunga lile bomba. Lile lile analosema Bascom wako. Niliita fundi wa kuchomelea, Lamar Hochstetler, tukalikingamisha ukuta hadi ukuta, tukalipaka rangi ya gari, mikanda ikaanzia hapo, usawa wa mabega. Mama akaja gereji akakaa kulijaribu. Akasema, "Sasa niko kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa." Lakini akakaa.

Jumamosi hiyo Fenske akapita.

"Orrin, hii nini? Umetoa reli ya kitanda hospitali?"

"Ni ya mikanda. Ni kwa ajili ya Mama."

"Alama nane hizo, ndugu yangu. Nane. Mama yako si jaji."

Nilikaa nalo wiki mbili. Kila nikiingia gereji naliona bomba kabla sijaliona gari. Verla, nimelifanyia gari lile kazi miaka tisa tangu Baba afariki. Nilitafuta vishikio vya milango vya mwaka ule ule kutoka majimbo manne. Nikachukua msumeno nikalikata.

Nikamwita tena Lamar achomelee bamba la sakafuni. Alisimama pale amepandisha kinyago chake juu ya kichwa, anatazama.

"Bega liko hapa," akasema. "Bolti iko kule chini. Mkanda utavuta kwenda wapi?"

Nikamjibu, "Utavuta kwenda Kendallville tukachukue kikombe."

Fenske, aliyekuwepo siku hiyo, alicheka. Nami nilicheka. Lamar akashusha kinyago akafanya kama nilivyomwambia, kwa sababu gari ni langu. Kwa hiyo niliambiwa. Siwezi kusema sikuambiwa. Novemba nilikuandikia kwamba nilikusikiliza mara moja tu, lakini Lamar sikumsikiliza hata hiyo mara moja. Ndiyo maana siikumbuki ajali sana, nakumbuka kinyago kikishuka.

Krismasi barabara ilikuwa wazi. Nilifika mpaka kituo cha mapumziko kabla ya mpaka wa Ohio. Nikanywa kahawa, nikageuza.

Nimeandika masahihisho ya jarida, ukurasa mmoja na nusu. Nimesema bolti zilikuwa wapi, nani alikuwa amekaa na nini kilimpata. Nimesema waing'oe mikanda hiyo, wasingoje. Fenske alinisihi nione wakili kwanza. "Ukiandika hivyo umejifunga mwenyewe, na klabu umeifunga nawe." Nimeyatia posta leo saa tano, siku tatu kabla ya kufungwa.

Barua hii usimsomee Mama.

Kaka yako,
Orrin


Toledo
10 Machi 1994

Kaka Orrin,

Salamu. Mama ameisoma barua yako. Tarishi aliipeleka kwenye nyumba ya mazoezi nikiwa kazini, mhudumu akampa yeye kwa sababu jina la ukoo kwenye bahasha ni moja, na miwani alikuwa nayo. Aliendesha mitambo ya simu miaka thelathini na moja. Hajawahi kuona ujumbe wa mtu mwingine akaacha kuusikiliza.

Nilimkuta amekaa na karatasi mapajani. Hakulia. Aliniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake:

"Orrin. Lile bomba lilinisumbua shingo na nililalamika, kwa hiyo kipande kidogo ni changu. Lakini mimi sikujua, na wewe uliambiwa. Usinitumie maua tena. Yananifanya nijione nimeshakufa na watu wanasubiri chai."

Nikamwuliza, "Niandike kwamba umemsamehe?"

"Sijafika huko. Andika nimefika hapa."

Nimeandika.

Sasa jarida. Toleo la Machi limeletwa jana kwa jina la Mama. Nimetafuta ukurasa wako mmoja na nusu kutoka jalada hadi jalada. Kilichopo ni hiki, ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la nta ya kung'arishia: "Wanachama waliofunga mikanda ya nyuma wanakumbushwa kukagua bolti zao kabla ya msimu."

Mtu akisoma hivyo atachukua spana, atakaza, ataridhika.

Majina kumi na moja unayo wewe, na anwani zao. Mama ameongeza neno moja: "Mwambie simu haimng'ati."

Dada yako,
Verla


Goshen
18 Aprili 1994

Mdogo wangu Verla,

Natumai nyote mko salama na mvua hizi hazijaingia ndani. Mimi nimekonda kidogo, ni kwa kula njiani.

Simu nilijaribu kwa wawili wa kwanza, nikashindwa kusikia wanachojibu. Nikaona ni bora niende. Nimeendesha wiki tano, mkasi wa kukatia turubai na boksi la spana kwenye kiti cha pembeni. Naanza kwa kusema, "Mimi ndiye Orrin wa mchoro, na mchoro ni mbaya." Kisha nawaambia habari za Mama. Kisha naomba ufunguo wa gereji.

Tisa wamekubali. Bi Lindquist, mjane, alininyang'anya mkasi akakata mwenyewe. "Marehemu Sherman alitaka kuijaribu kwangu mimi," akasema. Mwingine alinipa chakula cha mchana, tambi na kuku, lakini hakuniangalia usoni tangu tulipokaa mpaka nilipoondoka. Mwingine alinifungulia gereji. Alisimama mlangoni na mikono mfukoni nikifanya kazi, na nilipomaliza akafunga gereji nikiwa bado nachukua boksi langu.

Wa kumi aliuza gari lake Novemba kwa mtu wa Oklahoma, kwa pesa mkononi, jina hakuliandika. Anakumbuka alikuwa mwembamba na alikuwa na mke mjamzito. Niliandikia ofisi ya leseni huko. Wamejibu kwamba majina hawayatoi. Kwa hiyo gari hilo liko barabarani mahali fulani, na mtoto huyo sasa kazaliwa. Hilo silipatii dawa.

Wa kumi na moja ni Royce Tibbets, upande wa pili wa mji. Ana wajukuu wawili wa kike, miaka sita na tisa, na hao ndio wanaokaa nyuma. Nimekwenda kwake mara tatu.

"Wewe umechukua tisini na nane," ananiambia, "mimi nikikaribia mia unakuja na mkasi."

"Royce, mama yangu hawezi kusimama."

"Mama yako ana miaka themanini na moja, Orrin. Ile ni mifupa ya kizee. Hawa wangu ni mpira, ukiwaangusha wanadunda."

"Soma basi nilichoandika." Nikampa karatasi zangu zile zile zilizokataliwa.

"Jarida nimelisoma. Limesema nikague bolti. Nimekagua. Zimekaza kama mlango wa benki." Akanipiga bega. "Ulizichora vizuri, mzee."

Mara ya tatu mkewe alizungumza nami kupitia wavu wa mlango. Nilimpigia binti yake pia, mama wa watoto. Akasema baba yake ndiye anayejua mambo ya magari. Polisi wanasema hakuna sheria inayovunjwa. Gari lenyewe halikuhitajiwa hata kuwa na mkanda.

Jumamosi tarehe 7 Mei klabu inafungua msimu. Msafara unaanzia uwanjani kwa Royce saa nne asubuhi, wanakwenda maonyesho ya Kendallville kwa njia ile ile ya mashambani. Huko atachomoa mikanda kwa ajili ya majaji na kuirudisha wakati wa kuondoka, na wajukuu atawafunga mwenyewe. Najua atakavyofanya. Nilieleza yote kwenye jarida, hatua kwa hatua.

Klabuni nimetoka, au wamenitoa. Barua yangu na yao zilipishana njiani. Gari la Baba liko chini ya turubai kama lilivyotoka kule walikolivuta baada ya ajali. Sijaligusa.

Sijui nifanye nini na Royce.

Kaka yako,
Orrin


Toledo
27 Aprili 1994

Kaka Orrin,

Mimi ni mzima. Mama si mzuri sana. Tangu Machi amepungua ratili kumi na moja, na dakika zake kumi na tano za kukaa wima zimekuwa kumi na mbili. Nakuambia ili usishtuke.

Nilimsomea barua yako jana, alitaka yote. Nilipofika kwenye habari za Royce alinyanyua mkono nisimame.

"Rudia hapo kwenye mpira."

Nikarudia.

"Anakaa mbali na Orrin?"

"Dakika kumi, Mama."

"Nipeleke."

Nilimweleza kwamba ni saa mbili na zaidi barabarani na kwamba Daktari Pruett hatakubali. Akasema Daktari Pruett hajaalikwa. Leo nilimwuliza daktari hata hivyo. Amesema hakatazi wala haruhusu. Akilazwa nusu, na gari likisimama kila dakika arobaini, anaweza kufika. Hakuniahidi kwamba atarudi akiwa kama alivyokwenda. Nilimpa Mama maneno hayo bila kuyapunguza.

"Mimi nitakaa hapa mpaka nife," akasema, "na pale kuna watoto wawili. Nikiwekwa kwenye njia ya gari lake, huyo Royce itabidi anizunguke au anisikilize. Na wale wasichana wanione wenyewe. Karatasi zako na za Orrin zimeshindwa."

Nikamwuliza atawaambia nini. Akasema si kazi yangu, kazi yangu ni kumvalisha.

Bwana Bascom atatupa basi lenye vishikio vya kiti cha magurudumu na ataendesha mwenyewe. Hataki kitu. Anasema akifika angependa kuziona bolti hizo, na atakuja na bomba, vipimo na mashine yake ya kuchomelea, endapo Royce atafungua gereji.

Mama anajua kwamba wewe utakuwepo. Aliuliza umekonda kiasi gani. Hakuuliza zaidi.

Kumbuka Indiana hamsogezi saa majira ya joto: saa nne yetu ni saa tatu yenu. Tutaondoka Toledo saa moja asubuhi kwa saa yetu na kusimama mara tatu. Jumamosi, tarehe 7 Mei, saa tatu kamili kwa saa yenu, mbele ya geti la Royce Tibbets, saa moja kabla msafara haujaanza. Uje mapema. Nitahitaji mtu wa pili wa kumshusha.

Dada yako,
Verla